Joginder Singh: Simba asiye wa Msimbazi, fundi aliyebeba Safari mara tatu

MWENYE gari Pemba anaijua masika. Ukiacha lami ukaingia njia ya udongo ya shamba, kilima kifupi tu chenye tope kinatosha kukulaza hapo mpaka watu waje kusukuma. Sasa ichukue njia ya aina hiyo, irefushe ifike kama kilomita 5,000, ipitishe Kenya, Uganda na Tanganyika, usiku na mchana, tena siku za Pasaka mvua ikiwa imekolea. Hayo ndiyo yalikuwa mashindano ya magari ya Safari, na humo ndimo Joginder Singh alimopatia jina la Simba.

Si Simba wa Msimbazi. Wekundu hao walikuwa bado wanaitwa Sunderland wakati Singasinga huyu anabeba taji lake la kwanza, mwaka 1965.

Alizaliwa Kericho, Kenya, Februari 9, 1932. Baba yake, Battan Singh, alitokea Punjab na alikuwa na gereji Nairobi, kwa hiyo dogo alikulia kwenye spana na oili. Baadaye akaajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, kazi yake ikiwa kuzunguka barabarani kuwasaidia waliokwama. Ukiifanya kazi hiyo hata mwaka mmoja, unajua gari linafia wapi: springi imekatika, rejeta inavuja, jiwe limetoboa sampu na oili yote imemwagika. Ndiyo shule aliyosoma.

Safari yake ya kwanza aliikimbia mwaka 1959, akiwa na miaka 27.

Mwaka 1965 akaingia na mdogo wake Jaswant, ndani ya Volvo PV544 kuukuu, lililoachwa nchini baada ya mashindano ya mwaka uliotangulia. Hakuwa na kiwanda nyuma yake. Alikuwa na gereji tu. Ndugu hao wakashinda kwa tofauti ya zaidi ya saa moja, ambayo kwa lugha ya soka ni kama kumpiga mtu saba bila. Kenya ilikuwa na miezi 16 tangu ipate uhuru, na Wahindi wengi walikuwa wanajiuliza kama bado wana chao pale. Mashabiki waliojipanga barabarani hawakusubiri mjadala: wakamwita Simba wa Kenya, kwa Kiswahili.

Alifanyaje? Gari la Safari haliandaliwi kwa ajili ya mbio tu, linaandaliwa lisife. Unalinyanyua lisisuguane na mawe, unaweka springi na shokapu ngumu, unafunga bamba la chuma chini ya injini. Halafu unapunguza mzigo, kwa sababu kila kilo ya ziada unailipa kwenye tope. Upepo wa tairi nao una hesabu yake. Ukijaza sana, gari linarukaruka na kukosa mshiko. Ukipunguza sana, tairi inapasuka kwenye jiwe la kwanza. Vijana wanaofunga spika kubwa nyuma na kulilaza gari chini lipendeze, hapo wamefeli kabla hawajawasha.

Kwenye usukani ni vilevile. Breki unashika kabla ya kona, tairi zikiwa zimenyooka, si katikati ya kona. Ukishaingia, unakanyaga mafuta taratibu, gari litoke lenyewe. Nyuma ikiteleza kwenda kulia, na wewe peleka usukani kulia, usikurupukie breki. Kwenye tope unachagua gia mapema na husimami, maana ukisimama umekwisha. Dereva mwenye sifa nyingi huwa anayajua yote haya, lakini akishapitwa na mwenzake anayasahau. Joginder hakuwa na papara hiyo. Aliweza kumwacha mtu atangulie, akijua kuwa huko mbele gari la huyo jamaa litavunjika.

Na yalivunjika kweli. Mwaka 1963 na mwaka 1968 yalianza magari zaidi ya 80 kila mara, yakamaliza saba tu. Joginder alianza Safari 22 na kumaliza 19. Mataji matatu yanasifiwa zaidi, lakini hiyo 19 kati ya 22 ndiyo rekodi ya kutisha.

Wageni kutoka Ulaya walikuja na mafundi na spea za kila aina, lakini walisubiri mpaka mwaka 1972 ndipo mmoja wao, Hannu Mikkola wa Finland, akashinda na Ford Escort. Miaka miwili baadaye Joginder akabeba kombe tena. Alikuwa na Mitsubishi Lancer ya injini ndogo ya 1600, msoma ramani wake David Doig, na aliyemaliza wa pili alikuwa Björn Waldegård kwenye Porsche 911. Mwaka 1976 akarudia, na safari hii Lancer zilishika nafasi zote tatu za juu. Alikuwa na miaka 44.

Mwaka 1980 akatundika daluga, kama wanavyosema wa soka. Alifariki London Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Safari ilirudi kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, fupi kuliko ile ya kwake, ikikimbizwa zaidi maeneo ya Naivasha.