Habib Saleh wa Lamu: Sheikh aliyefundisha na kabla ya kufungua kitabu

Wadau, kila ukifika Mfungo Sita hapa kwetu Sinza ubishi ni uleule: dufu lipigwe au lisipigwe? Mimi hukumu nawaachia masheikh. Leo nataka tumkumbuke mzee ambaye wengi tunalisikia jina lake tu.

Habib Saleh bin Alwy Jamalilleil alikuwa sharifu, mzaliwa wa Ngazija, karne ya 19. Alihamia Lamu akiwa kijana. Lamu ya wakati ule ilikuwa na wenyewe bwana! Elimu ya dini ilikuwa mali ya wangwana, mtumwa na mwanawe hawakuwa na nafasi darasani. Kumbukeni utumwa kule ulikuja kufutwa kisheria mwaka 1907.

Habib yeye akaenda kuishi na kufundisha upande wa Langoni, kwa wanyonge. Sasa fikiria mtu aliyekua akiambiwa akae mbali, halafu sharifu mzima anakuja kuketi naye. Hilo peke yake ni somo, hata kabla ya alifu.

Karibu mwaka 1900 ukajengwa msikiti wa Riyadha. Pale yakasomwa Maulidi ya Habshi, yaliyotungwa Hadhramaut, kwa matari, kaswida na watu kuyumba kwa pamoja. Asiyejua Kiarabu alikuwa hafukuzwi na lugha, anaingia kwa sauti na mwili, kisha anabaki kusoma. Wakubwa wa mji wakaja juu: matari msikitini? Habib hakuacha. Riyadha ikawa chuo kikubwa, wanafunzi wakatoka pwani yote. Alifariki 1935, na mpaka leo maulidi ya Lamu yanajaza watu kutoka Kenya, Tanzania na kwingineko.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu nikipita kwenye madrasa zetu za uswahilini naona mtoto anakariri huku jicho liko kwenye bakora ya ustadhi. Bakora nayo inaongea, jamani, na mtoto anaielewa haraka kuliko aya. Tunalalamika vijana wakifika miaka 15 hawaonekani msikitini. Mimi naona tulishawaambia waondoke, ila hatukutumia mdomo.

Kukaa mkeka mmoja na mtoto hakuna sheikh anayekubishia kwamba ni bidaa. Tuanzie hapo basi. Mliosoma Riyadha, au mliowahi kwenda Lamu, karibuni muongezee.