Bosi Noma: Vile William Shockley Alifukuza Doh ya Silicon Valley

Simu umeshika iko na chipu ndani, na si zile za kibanda cha mtaani. Sasa skiza story ya buda alisaidia hizo vitu kuzaliwa, halafu doh ikamhepa.

William Shockley alizaliwa London 1910, wazazi wakiwa Wamarekani, akakulia Palo Alto, California. Kichwa ilikuwa moto, hiyo hakuna mtu anabisha. Akaishia Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu. Desemba 1947 wasee wawili wa timu yake, John Bardeen na Walter Brattain, wakaunda transista ya kwanza, kale kadude ka kukuza mawimbi ya umeme. Jina la Shockley halikuwa kwa patenti. Manze, alifura! Akajifungia kwa hoteli huko Chicago na kalamu yake, na kufikia Januari alikuwa na dizaini yake, poa kuliko ya maboyz wake. 1956 wote watatu wakapewa Nobel ya fizikia.

Hapo alikuwa tayari amefungua kampuni Mountain View, pesa zikitoka kwa tajiri Arnold Beckman. Akakusanya vijana wakali, kati yao Robert Noyce na Gordon Moore. Wewe ukipewa mbogi kama hiyo, utaiharibu aje? Yeye aliweza. Siku moja sekretari akadungwa kidole na kitu kwa mlango, Shockley akaona ni njama, akataka watu wapimwe na mashine ya kunasa waongo. Sasa hiyo ni ofisi ama Kamiti? Juu ya hiyo, vijana walitaka kukazana na transista za silikoni, yeye akang'ang'ania diodi yake ya tabaka nne, ngumu kutengeneza kama nini.

1957 wanane wakahepa pamoja, wakaanzisha Fairchild Semiconductor. Huko ndiko Noyce, 1959, alipata njia ya kupanga saketi nzima kwa kipande kimoja cha silikoni. 1968 yeye na Moore wakafungua Intel. Na Shockley je? Kampuni yake haikuwahi kuona faida, Beckman akaiuza 1960.

Akaenda kufundisha Stanford, na hapo akajimaliza kabisa, miaka mingi akihubiri ati watu weusi huzaliwa na akili kidogo. Ujinga mtupu, Nobel ama hakuna Nobel. Alikufa 1989 akiwa amekosana na karibu kila mtu. Bibi yake Emmy ndiye alibaki kando yake. Watoto wake, inasemekana, habari walizipata kwa gazeti.