Jacques Callot: Mchoraji wa sherehe za wakuu na misiba ya wanyonge

MNAMO Oktoba 1616, uwanja wa Santa Croce mjini Florence, Italia, ulishuhudia msafara wa miungu. Ukoo wa Medici uliotawala mji huo ulikuwa ukimkirimu mwana wa mtawala wa Urbino kwa tamasha lililoitwa Vita vya Urembo. Yalipita magari yaliyorembwa kupindukia: Mlima Parnassus, gari la Jua na lile la Thetis, mungu wa bahari.

Fahari hiyo yote ilikuwa ya siku moja. Iliyodumu ni michoro ya kijana mgeni, Jacques Callot.

Callot alizaliwa mwaka wa 1592 mjini Nancy, katika Lorraine, ambayo wakati huo haikuwa sehemu ya Ufaransa. Kazi yake ilikuwa kuchora juu ya vibao vya shaba. Kibao hupakwa nta, mchoro ukakwaruzwa kwa sindano, kisha asidi ikala shaba palipokwaruzwa. Wino hujaa mifereji hiyo, na karatasi hukandamizwa juu yake. Tatizo ni kwamba nta ilibanduka na kuharibu mistari. Callot aliiacha, akatumia vanishi ngumu ya mafundi wa ala za muziki, akaweza kuchora vitu vidogo ajabu. Katika mchoro wake wa gulio la Impruneta, wa mwaka wa 1620, mna zaidi ya watu elfu moja.

Mfadhili wake, Cosimo wa Pili, alifariki mwaka wa 1621, naye Callot akarejea Nancy. Huko pia alichora tamasha la kasri mwaka wa 1627, miungu ikiwa ile ile.

Lakini Ulaya ilikuwa ikiteketea kwa Vita vya Miaka Thelathini. Mnamo 1633, majeshi ya Mfalme Louis wa 13 yaliiteka Nancy. Inasimuliwa kwamba mfalme, ambaye Callot alikuwa amemchorea kuzingirwa kwa La Rochelle, alimtaka achore ushindi huo pia, naye akakataa katakata.

Mwaka uo huo alichapisha michoro 18 kuhusu madhila ya vita: wanajeshi wakipora nyumba, miili ikining'inia mtini mithili ya matunda, wakulima wakilipiza kisasi. Ni mkono ule ule wa Santa Croce, na umati ule ule wa watu wadogo kama sisimizi, ila hapa hakuna anayepiga makofi.

Callot aliaga dunia Machi 24, 1635, Nancy ikiwa ingali mikononi mwa Wafaransa.