Umm Kulthum na Lile Swali la Nyimbo Mpya

Kila yanapozungumzwa mambo ya muziki katika mabaraza yetu, hazikosi kutoka kauli mbili. Wa kwanza husema kwamba mwimbaji asiyeleta kitu kipya kila mwaka amekwisha, afadhali akae chini awapishe wenzake. Wa pili husema vipya ndivyo vilivyouharibu muziki, na kwamba taarab ya haki ilizikwa siku kilipoingizwa kinanda cha umeme. Mimi nimeyasikia mabishano hayo tangu utotoni, harusini na kwenye kahawa, na kila mara fikira zangu humwendea mwanamke mmoja wa Kimisri ambaye wazee wetu walikuwa wakimsikiliza redioni usiku, wengi wao bila ya kufahamu zaidi ya maneno mawili matatu ya anachokiimba.

Umm Kulthum, aliyepewa jina la binti wa Mtume (S.A.W.), alizaliwa katika kijiji cha Tamay al-Zahayra, jimbo la Daqahliyya, kule mto Nile unakokaribia bahari. Baba yake, Sheikh Ibrahim al-Baltaji, alikuwa imamu wa msikiti wa kijiji. Pato la uimamu lilikuwa dogo, kwa hiyo alikuwa akienda kwenye harusi na sherehe za vijiji vya jirani kuimba kasida za kumsifu Mtume. Aliyekuwa akifundishwa kasida hizo ni mtoto wa kiume, Khalid. Msichana alikaa pembeni akisikiliza, akazishika zote. Baba alipoisikia sauti yake alimchukua, lakini kwa kuona haya kumsimamisha binti mbele za wanaume alimvika mavazi ya mvulana wa Kibedui. Hivyo ndivyo alivyoanza, na chuoni nako alikuwa akisomeshwa Qurani na kuzoezwa kutamka kila herufi mahali pake. Msomaji naomba alitie akilini jambo hili la herufi.

Yapata mwaka 1923 jamaa hawa walihamia Cairo. Mji ulimwona mshamba. Alijifunza kwa Sheikh Abu al-Ila Muhammad, bingwa wa kasida za zamani, na mshairi Ahmad Rami akamfungulia mlango wa vitabu. Mnamo 1926 alifanya jambo lililohitaji moyo mgumu: aliwaondoa baba yake na ndugu yake nyuma yake jukwaani, akaweka mahali pao wapigaji mahiri wa fidla, kanuni na udi. Aliyepiga udi alikuwa Muhammad al-Qasabji, na huyu tutamrudia, kwani kwangu mimi hadithi yote hii ni yake pia.

Al-Qasabji alikuwa mtu wa mambo mapya. Mwaka 1928 alimtungia wimbo uitwao In Kunt Asamih, kwa maneno ya Rami. Haukuwa na kiitikio cha kurudiwa kama ulivyokuwa mtindo, bali sauti ilikwenda mbele tu kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayesema na nafsi yake. Santuri yake iliuzwa kwa wingi sana, na kuanzia hapo binti wa Tamay al-Zahayra akawa hana tena haja ya kuonewa huruma na mtu.

Redio ya Misri ilifunguliwa mwaka 1934, na yeye alikuwa miongoni mwa walioimba siku ile ya kwanza. Baadaye ikawa desturi kwamba Alhamisi ya kwanza ya mwezi, katika majira ya matamasha, anaimba na redio inarusha. Husimuliwa kwamba njia za miji ya Waarabu zilikuwa nyeupe usiku huo. Alikuwa akiimba nyimbo mbili au tatu tu mpaka usiku wa manane, na wimbo mmoja uliweza kuchukua saa nzima au zaidi.

Hapa ndipo lilipo jibu langu kwa wale wa barazani. Saa nzima hiyo ilijaa nini? Mashairi yenyewe hayakuwa marefu. Ilijaa kurudia. Ataimba mstari, watu watapiga kelele, ataurudia. Mara ya pili ameuvuta neno la kati, mara ya tatu ametoka makamu hii ameingia ile, mara ya nne ameushusha chini kama anayenong'ona, na wapigaji nyuma yake wako macho wamfuate aendako. Akishaona ukumbi umetosheka, ndipo huendelea na mstari unaofuata. Mwezi ujao wimbo ule ule, lakini anayesema ameshausikia huyo hakuusikia. Neno letu taarab lina asili moja na hilo tarab la Waarabu, yaani ile hali ya kuchukuliwa na sauti, na hali hiyo haiji kwa wimbo kuwa mpya. Tazama wasomaji wakubwa wa Qurani: hakuna anayethubutu kuongeza nukta, na bado watu husafiri kumsikiliza fulani. Sisemi nyimbo ni sawa na Qurani, hasha. Nasema tu kwamba sikio la bibi huyu lilifunzwa chuoni, na huko alijifunza kwamba kisichobadilika kina nafasi kubwa ndani yake.

Walakini wale wa kauli ya pili nao wasifurahi upesi. Kwani mnamo 1964, akiwa na umri wa watu kustaafu, alikubali kuimba Inta Umri, wimbo wa Muhammad Abdel Wahab, mshindani wake wa miaka mingi, aliyelaumiwa mara kwa mara kwa kuchota kwa Wazungu. Wimbo ulianza na utangulizi mrefu wa ala, na ndani yake mlikuwa na gitaa la umeme. Kuna walionung'unika. Wengi zaidi waliupenda, na vijana waliokuwa wakimwona ni mwimbaji wa baba zao walirudi kumsikiliza. Hata kabla ya hapo, mwaka 1960, alikwisha kuimba Hubb Eih ya Baligh Hamdi, kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe.

Basi alikuwa mtu wa kipya au wa kale? Mimi naona alibadilika pale alipotaka mwenyewe, na akakataa pale alipotaka mwenyewe, na kukataa kwake kulikuwa na gharama kwa mwengine. Mwaka 1942 ilitoka filamu yake Aida, iliyotiwa ndani yake uimbaji wa namna ya opera ya Kizungu. Al-Qasabji alikuwa mmoja wa waliotunga muziki wake. Watu hawakuipenda. Umm Kulthum, aliyekuwa na sikio kwa umma kama alivyokuwa na sikio kwa makamu, aligeuka. Alishikamana na Zakariya Ahmad na nyimbo zake zenye ladha ya mitaani, na Riyad al-Sunbati aliyezitia sauti kasida za Ahmad Shawqi. Mojawapo ni Nahj al-Burda, iliyofuata nyayo za Burda ya al-Busiri, ambayo sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa. Nyingine ni ile ya kuzaliwa Mtume, Wulida al-Huda. Kwa nyimbo hizo mwimbaji wa mapenzi alirejea alikoanzia na baba yake.

Al-Qasabji alimtungia Raqq al-Habib wakati wa vita vya pili, na wajuzi wengi huuhesabu miongoni mwa nyimbo bora za Kiarabu. Baada ya hapo alimtungia machache tu. Lakini hakuondoka. Kwa zaidi ya miaka ishirini yule aliyemfungulia njia mwaka 1928 alikaa kitini nyuma yake na udi wake, akipiga nyimbo za al-Sunbati, za Zakariya, na mwishowe lile gitaa la Abdel Wahab likilia karibu naye. Hapo ndipo ninapomlaumu bibi huyu, na siwezi kuacha kumlaumu. Kisha nikizisikiliza nyimbo za miaka hiyo, ulimi unakuwa mzito.

Al-Qasabji alifariki mwezi wa Machi 1966. Mwezi uliofuata Umm Kulthum aliimba kwa mara ya kwanza al-Atlal, shairi la Ibrahim Nagi lililotiwa sauti na al-Sunbati, mtunzi aliyekuwa naye tangu miaka ya thelathini. Hicho ndicho kasida wengi wanachokitaja kwanza wakiulizwa wimbo wake mkubwa. Aliupeleka hadi Paris, ukumbi wa Olympia, Novemba 1967, miezi michache baada ya Misri kushindwa vitani, alipokuwa akizunguka nchi kwa nchi kuichangia fedha serikali yake.

Alifariki tarehe 3 Februari 1975. Siku ya mazishi umati ulilinyang'anya jeneza kwa waliopangiwa kulichukua, ukalipokezana mabegani hadi msikiti wa Sayyidna Husein. Ama kile kiti cha mpiga udi, husimuliwa kwamba baada ya mwaka 1966 aliamuru kiwekwe jukwaani vile vile kila anapoimba, na asikalie mtu.