Theodore Metochites na Kikanisa cha Chora

Theodore Metochites alizaliwa mwaka 1270 jijini Constantinople, makao makuu ya milki ya Byzantium. Baba yake, George, aliunga mkono muungano wa Kanisa la Mashariki na lile la Roma. Upepo wa siasa ulipogeuka baada ya mwaka 1282, alitiwa kifungoni. Mwana alikimbilia elimu. Mwaka 1290 Kaisari Andronikos wa Pili alivutiwa na usomi wake, akamwita katika utumishi wa kifalme.

Tangu hapo Metochites alipanda ngazi hadi akawa waziri mkuu. Alishughulikia mambo ya dola, na bado akaandika mashairi, falsafa na elimu ya nyota. Mali yake iliongezeka pamoja na cheo, na wapo waliomlaumu kwamba alineemeka huku raia wakilemewa na kodi.

Kati ya mwaka 1315 na 1321 hivi, aliifufua monasteri ya Chora. Juu ya mlango wa kanisa, mozaiki inamwonyesha amepiga magoti, kichwani ana kilemba kikubwa, akimkabidhi Kristo jengo hilo. Ubavuni alijenga kikanisa cha maziko chenye vidaka vinne vya makaburi. Wataalamu wengi huamini kuwa kikubwa kuliko vyote alijitengea yeye mwenyewe.

Kuta za kikanisa hicho zilipambwa kwa michoro ya rangi juu ya lipu. Upande wa mashariki, Kristo mwenye mavazi meupe anawavuta Adamu na Hawa kutoka makaburini kwa kuwashika vifundo vya mikono. Chini ya miguu yake, Shetani amelala amefungwa katikati ya makufuli yaliyovunjika. Darini pana Siku ya Hukumu, ambapo malaika anaikunja mbingu mithili ya karatasi. Karibu na hapo, Lazaro maskini amepumzika kifuani mwa Abrahamu, na yule tajiri yumo motoni akiungua. Ajabu ni kwamba picha hiyo iligharimiwa na mmoja wa matajiri wakubwa wa jiji.

Mpanda ngazi hushuka. Mwaka 1328 mjukuu wa Kaisari alimpindua babu yake. Nyumba ya Metochites iliporwa, naye akahamishiwa Didymoteichon. Aliporuhusiwa kurudi mwaka 1330, hakuwa na makao mengine ila Chora. Alivaa joho la utawa, akaitwa Theoleptos, na kufariki tarehe 13 Machi 1332.

Baada ya Waturuki kuliteka jiji mwaka 1453, kanisa liligeuzwa msikiti. Michoro ilifunikwa kwa muda mrefu, ikafunuliwa katika miaka ya 1940 na 1950 jengo lilipokuwa makumbusho. Tangu mwaka 2024 ni msikiti tena. Kasri la waziri limetoweka, lakini tajiri wa ukutani na Adamu anayevutwa kutoka kaburini wangali mahali alipowaacha.