Frank Chapman, Bwana Aliyehesabu Ndege Mjini

Wengi wenu mwanijua kwa ile manati yangu. Leo nawasimulia habari za bwana aliyenifanya niitupe.

Frank Chapman alizaliwa mwaka wa 1864 katika jimbo la New Jersey, Marekani. Chuo kikuu hakukiona. Alipomaliza shule akawa karani wa benki mjini New York, lakini roho yake ilikuwa kwa ndege.

Siku hizo mabibi wa mjini walivaa kofia zilizopambwa kwa manyoya, mabawa na hata ndege wazima waliokaushwa. Mwaka wa 1886 Chapman alitembea alasiri mbili katika barabara za maduka, macho yake yakiwa juu ya vichwa vya watu. Alihesabu kofia 700, na kati yake 542 zilikuwa na manyoya. Kwa kutazama tu alitambua aina 40 za ndege, wakiwemo vigong'ota na bundi. Hebu fikirieni! Aliichapisha orodha hiyo gazetini, yeyote asome ni ndege gani wanaouawa kwa ajili ya urembo.

Baadaye aliajiriwa katika jumba la makumbusho. Wakati huo watu wengi walikuwa na desturi ya kushindana kuua ndege na wanyama siku ya Krismasi. Krismasi ya mwaka wa 1900 Chapman aliwaomba wasomaji wa jarida lake wawahesabu ndege badala ya kuwapiga risasi. Walijitokeza watu 27 tu, na bustani ya Central Park, katikati ya New York, ikahesabiwa pia. Haba na haba hujaza kibaba: Chapman alifariki mwaka wa 1945, lakini hesabu hiyo ingali inafanywa kila mwaka na maelfu ya watu.

Nami je? Mwaka jana mti mkubwa karibu na steji yetu ya matatu ulikatwa, na wale korongo marabou wakatoweka. Walikuwa wangapi? Sikujua, ingawa nilipita chini yake kila siku nikija shuleni. Jambo hilo liliniuma sana.

Sasa nina daftari. Nimeshaandika kwarara, shorewanda, kunguru, na yule mwewe anayetunyang'anya mkate saa ya chakula. Wengine hunicheka, lakini sijali. Mti mwingine ukikatwa, angalau nitajua tumepoteza nini.