Otakar Borůvka, mtu aliyetafuta waya mfupi wa kufikia vijiji vyote

Wasikilizaji wetu wa Misungwi, Magu na Sengerema, tumewahi kujiuliza kwa nini waya wa umeme unapitia kwanza kijiji cha jirani badala ya kuja kwetu moja kwa moja kutoka laini kubwa? Sehemu ya jibu ina karibu miaka 100. Leo tunamkumbuka aliyelitoa.

Otakar Borůvka alizaliwa tarehe 10 Mei 1899 katika mji mdogo wa Uherský Ostroh, Moravia, ambayo sasa ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Alisomea hisabati mjini Brno, na baadaye akafundisha chuo kikuu huko huko.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Moravia ilikuwa ikisambaza umeme vijijini, kama tunavyofanya sisi leo. Rafiki yake aliyefanya kazi kwenye kampuni ya umeme alimletea swali: vijiji vyote viunganishwe vipi ili waya utumike kidogo kabisa?

Borůvka alichapisha jibu mwaka 1926. Kwanza, kila kijiji kiunganishwe na jirani yake wa karibu zaidi. Hapo tunapata vikundi vya vijiji. Kisha kila kikundi kitafute kijiji cha nje kilicho karibu nacho zaidi, kiungane nacho. Tuendelee hivyo hadi vyote viwe kundi moja. Kila awamu vikundi hupungua angalau kwa nusu, hivyo hata vijiji 1,000 havizidi awamu 10. Na vijiji 5 huhitaji laini 4 tu.

Aliandika kwa Kicheki, hivyo wengi nje ya nchi yake hawakumsoma. Mwenzake, Vojtěch Jarník, alitoa njia nyingine mwaka 1930. Wamarekani Kruskal na Prim walifuata na zao mwaka 1956 na 1957. Leo kompyuta hufanya hesabu hizo kwa muda mfupi sana.

Lakini tusisahau jambo moja. Waya mfupi kuliko wote hauna njia ya pili. Nguzo moja ikianguka, vijiji vyote vilivyo mbele yake hubaki gizani. Borůvka aliulizwa kuhusu gharama, hakuulizwa kuhusu dhoruba.

Alifariki Brno tarehe 22 Julai 1995, akiwa na miaka 96. Basi, wataalamu wa umeme wakija kwenye mkutano wa kijiji, tuwaulize yote mawili: waya utapita wapi, na ukikatika tutapata umeme kwa njia gani?